Mti wa Miiba Ulipataje Kiti?

Somo la wiki kwa ibada za nyumbani
Soma kwanza: Waamuzi 9:1–21 na Matendo 6:1–7



Jumapili moja baada ya ibada hapa Kiptere, kijana mmoja anayefanya kazi kwenye mashamba ya chai alinishika mkono nje ya kanisa. Akaniuliza, "Mzee, mbona kazini wale hawajui kazi ndio wanapandishwa? Mimi nimesoma, naomba, nafanya kazi kwa bidii. Halafu analetwa mtu hajui hata kujaza rejista, ndiye ananiambia nisimame wapi."

Nilikuwa na jibu rahisi mdomoni. Nilitaka kumwambia ni dunia tu, avumilie, Mungu atampandisha kwa wakati wake. Jibu hilo halina uongo, lakini ni jibu la kumaliza mazungumzo ili mtu aende nyumbani kunywa chai. Nikamwambia, "Nipe wiki moja nisome." Wiki ile ikanirudisha kwenye Waamuzi 9, na pale nikakuta jambo ambalo linanihusu mimi mwenyewe. Nitalifikia.

Habari yenyewe

Gideoni aliwashinda Wamidiani. Watu wakamwomba awe mtawala wao, yeye na wanawe baada yake. Akakataa, akasema Bwana ndiye atakayewatawala (Waamuzi 8:22–23). Neno zuri sana. Lakini Gideoni alikuwa na wana sabini, na mmoja zaidi wa suria aliyekaa Shekemu. Huyo aliitwa Abimeleki, jina ambalo maana yake ni "baba yangu ni mfalme".

Gideoni alipokufa, Abimeleki hakungoja kuitwa. Alienda Shekemu kwa jamaa za mama yake akaomba kiti. Akapewa. Akaua ndugu zake juu ya jiwe moja, akabaki mdogo wa mwisho tu, Yothamu, aliyekuwa amejificha. Yothamu akapanda juu ya mlima Gerizimu akawapigia kelele watu wa Shekemu, akawaeleza mfano wa miti.

Miti ilitaka mfalme. Ikauendea mzeituni, mzeituni ukasema hauwezi kuacha mafuta yake. Ikauendea mtini, mtini ukasema hauwezi kuacha utamu wake. Ikauendea mzabibu, mzabibu ukasema hauwezi kuacha divai yake. Mwishowe ikauendea mti wa miiba. Huo haukuuliza swali hata moja. Ulikubali papo hapo, ukaialika miti yote ije kukaa kwenye kivuli chake, na ukatisha kwamba wasipokuja, moto utatoka kwake uteketeze hata mierezi.

Wapendwa, mnaijua miiba. Mti wa miiba una kivuli gani? Mtu akijipenyeza chini yake anatoka na damu. Lakini angalia jinsi ulivyoongea: ahadi ambayo hauwezi kutimiza, halafu vitisho. Kiongozi asiyestahili mara nyingi ana vifaa hivyo viwili tu. Akiishiwa na ahadi, anageukia vitisho.

Sasa swali la yule kijana: mti wa miiba ulipataje kiti? Nimeona milango minne. Mitatu iko hapa katika Waamuzi 9, mmoja uko katika maisha ya Sauli.

Mlango wa kwanza: "Ni mtu wetu"

Soma mstari wa 3. Watu wa Shekemu walimkubali Abimeleki kwa sababu walisema ni ndugu yao. Hakuna aliyeuliza anajua nini, wala amewahi kuongoza wapi. Damu ilitosha.

Hapa kwetu tunaita kujuana. Nafasi ikitokea ofisini, shuleni, kiwandani au kwenye sacco, swali la kwanza ni "huyo ni wa nani?" Tunasema damu nzito kuliko maji. Ni kweli ni nzito, lakini kazi haifanywi kwa damu. Mhasibu asiyejua hesabu hajui hesabu hata kama mnatoka ukoo mmoja. Na shida ya mtu wa kujuana ni kwamba anajua nani alimleta. Kwa hiyo anamtumikia yule aliyemleta na kuwasahau wale aliowekwa kuwaongoza.

Tusijifanye hatuna mkono hapo. Tunalaumu kujuana mpaka siku mtoto wetu anamaliza shule. Siku hiyo tunatafuta namba ya simu.

Mlango wa pili: fedha

Mstari wa 4 unasema Abimeleki alipewa vipande sabini vya fedha kutoka nyumba ya mungu wao Baal-berithi, akakodi watu ovyo wamfuate. Kiti chake kilinunuliwa.

Kenya tunajua mlango huu hadi tumeupa jina la kinywaji tunacholima. Tunasema "toa chai". Tunasema mkono mtupu haulambwi. Na siku hizi watu hawanunui nafasi tu, wananunua hata karatasi za kuwapatia nafasi. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitoa matokeo ya ukaguzi wa vyeti vya wafanyakazi katika taasisi za serikali. Vyeti zaidi ya 2,000 vilipatikana kuwa vya kughushi. Hao ni watu waliokuwa kazini, wengine wakiwasimamia wenzao waliosoma kwa jasho na karo ya kuuza ng'ombe.

Mtu anayenunua cheti anakiri kwa kinywa chake kwamba ujuzi ni muhimu. Angekuwa anaamini haufai, asingenunua karatasi inayosema anao. Yeye anataka heshima ya ujuzi bila mzigo wake.

Lakini nisieleweke vibaya. Cheti cha kweli peke yake hakimfanyi mtu astahili. Daudi aliitwa kutoka machungani. Wako watu wenye digrii ambao hawawezi kuongoza watu watano, na wako akina mama wa darasa la saba wanaoendesha chama cha akiba bila kupotea shilingi. Kustahili ni kuwa na ujuzi wa kazi ile, tabia ya kuaminika, na moyo wa kuwajali walio chini yako. Hata Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 73, inataka viongozi wachaguliwe kwa kuangalia uadilifu, uwezo na kufaa kwao. Sheria tunayo. Lakini katiba haiwezi kuingia kwenye chumba cha mahojiano ikakaa kiti cha mbele. Ni watu wanaoingia.

Mlango wa tatu: sifa za kazi nyingine

Mlango huu ni wa hila kwa sababu hauna rushwa wala ukoo. Israeli walipomwona Sauli, waliona kimo chake. Alikuwa mrefu kuliko watu wote kuanzia mabegani kwenda juu (1 Samweli 10:23). Urefu ni kitu kizuri. Unasaidia kuchuma maparachichi. Lakini urefu hauonyeshi kama mtu atamtii Mungu akiogopa watu, na hapo ndipo Sauli alipoanguka.

Kazini tunafanya hivyo kila siku. Mchumaji anayeleta kilo nyingi kuliko wote anafanywa nyapara. Mwalimu bora wa hesabu anafanywa mkuu wa shule. Dereva ambaye hajawahi kugonga anafanywa msimamizi wa magari. Tunamtoa mahali alipokuwa hodari, tunampeleka mahali ambapo hatujawahi kumjaribu. Shamba linapoteza mchumaji bora na kupata msimamizi dhaifu, siku moja.

Mwaka 1969 mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, Laurence Peter, pamoja na mwandishi Raymond Hull, walitoa kitabu kuhusu jambo hili. Walisema mtu hupandishwa kwa sababu anafanya vizuri kazi aliyo nayo, na huendelea kupanda hadi afike kwenye kazi asiyoiweza. Hapo hapandishwi tena, na mara nyingi hashushwi pia, anabaki hapo. Kitabu kilikuwa na mzaha mwingi. Lakini mwaka 2019 wachumi walichapisha utafiti wa wauzaji katika makampuni ya Marekani, wakaona jambo hilo hilo: wauzaji bora ndio waliopandishwa zaidi, na walipokuwa mameneja, wale waliokuwa wameuza zaidi ndio walioongoza vibaya zaidi.

Kwa hiyo ukiona bosi anahangaika, si lazima awe mwizi. Pengine ni mtu mwema aliyepewa zawadi isiyo saizi yake, na anaogopa kusema. Huyo anahitaji kufundishwa na kuombewa. Akikataa kufundishwa, hapo ni jambo lingine.

Mlango wa nne: mizeituni iliyokataa

Sasa nimefika pale ambapo wiki ile nilifunga Biblia nikakaa kimya.

Miti haikuanza na mti wa miiba. Ilianza na mzeituni. Ilienda kwa miti mitatu mizuri, na yote mitatu ikasema hapana. Shabaha ya Yothamu katika mfano huu ni watu wa Shekemu na ubaya waliotenda, hilo nalijua. Lakini siwezi kuusoma bila kuona kwamba kiti kilikuwa kimebaki wazi.

Niliwahi kuwa karani katika shamba moja kubwa la chai. Sitalitaja jina, na halina haja. Kazi yangu ilikuwa kupima majani na kuandika kilo. Nilijua rejista, watu waliniamini, na hakuna mama aliyewahi kusema nimemwibia kilo. Siku moja meneja akaniita, akasema nyapara wetu anastaafu, wananitaka mimi. Nikaomba siku tatu nifunge na kuomba. Siku ya nne nikarudi nikasema, "Bwana meneja, mimi ni mtu wa kanisa. Mambo ya uongozi hapa yana siasa nyingi. Niache na mizani yangu."

Nilirudi nyumbani nikijisikia mtakatifu. Hata nilitoa ushuhuda.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimesikia sauti ya Mungu ikinikataza. Niliogopa. Niliogopa kuchukiwa na watu wa kijiji, niliogopa kuamua nani anapewa mistari ya chini ya mlima na nani ya juu, niliogopa kupigiwa simu usiku. Nilikuwa na mafuta yangu na sikutaka yamwagike.

Nafasi ikapewa jamaa wa mtu wa ofisini. Hakujua kazi. Ujuzi ukikosekana, mdomo unajaa pengo, kwa hiyo alitawala kwa kelele na kwa upendeleo. Waliompa kitu walipata mistari mizuri. Waliokataa walipelekwa kwenye mteremko mbaya kando ya mto, wakafika kwenye mizani jua likizama na nusu ya kilo za wenzao. Kwa akina mama, kitu alichotaka hakikuwa pesa kila mara. Nilikuwa pale pale kwenye mizani. Niliona nani analeta kilo chache, na nilijua kwa nini. Niliandika namba.

Mwaka 2023, mwezi wa Februari, BBC ilipoonyesha filamu ya uchunguzi kuhusu mashamba ya chai ya Kericho, wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi wasimamizi walivyowanyanyasa kingono. Nchi nzima ilishtuka. Mimi sikushtuka. Niliona aibu.

Muda si mrefu baadaye, mama mmoja niliyefanya naye kazi alinikuta sokoni Sondu. Tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto. Nikamwambia nimefikiria sana siku zile. Akaniangalia, akasema taratibu, "Mzee, wewe walikuita. Sisi hatukuitwa. Ulipokataa, ulidhani watamweka nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha palepale, kati ya magunia ya mahindi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema amenisamehe, lakini nikawaambie wengine. Somo hili ni kutimiza ahadi hiyo.

Mungu anatuitaje sasa?

Sisemi kila aliyeokoka akimbilie cheo. Wengine wameitwa kukaa kwenye mizani, na mizani ya haki ni huduma. Yesu mwenyewe aliondoka watu walipotaka kumfanya mfalme kwa nguvu (Yohana 6:15), lakini aliondoka kwa sababu alikuwa na kazi aliyotumwa, wala hakuwa anaogopa usumbufu. Hapo ndipo pa kujipima. Ukiitwa na ukataka kukataa, jiulize: nakataa kwa sababu Mungu amenipa kazi nyingine, au nakataa ili nisisumbuliwe? Na nikikataa, ni nani anayesubiri nyuma yangu, na ni nani atakayelipa?

Kwa wale ambao wana sauti katika kuchagua viongozi, iwe kazini, kwenye kamati ya kituo cha majani, shuleni au hapa kanisani, soma Matendo 6. Wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahaulika kwenye mgao wa kila siku. Mitume hawakusema "tafuteni mtu wetu". Kwanza walitaja vigezo: watu wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Kisha jamaa yote ikachagua. Halafu ndipo majina yakaja. Kigezo kilitangulia jina. Sisi huanza na jina, kisha tunatafuta kigezo cha kulifunika. Na majina yale saba ni ya Kiyunani, kwa hiyo inaonekana waliokuwa wanalalamika ndio waliopewa nafasi ya kurekebisha. Wajane wakalishwa, na neno la Mungu likaenea (mstari wa 7). Uongozi mzuri wa chakula ulifungua njia ya injili.

Nasi kanisani tusijisifu. Paulo alimwonya Timotheo asimweke aliyeamini juzi, asije akajivuna akaanguka (1 Timotheo 3:6). Mara ngapi tumempa mtu uongozi wa vijana kwa sababu anaimba vizuri, au kumfanya mweka hazina kwa sababu ana gari? Huo ni mlango wa tatu, na uko ndani ya nyumba ya Mungu.

Na wewe unayefanya kazi chini ya mti wa miiba leo? Danieli alitumikia chini ya wafalme wasiomjua Mungu, na maadui zake walipochunguza kazi yake hawakupata kosa (Danieli 6:4). Fanya kazi yako safi. Usikubali uchungu ukufanye uwe mwiba mwingine. Lakini usidhani kunyamaza ndiyo imani. Yothamu alipanda mlimani akasema ukweli kwa sauti, kisha akakimbia kuokoa maisha yake (Waamuzi 9:21), na Biblia haimlaumu kwa kukimbia. Andika tarehe na mambo yaliyotokea. Ongea na chama cha wafanyakazi au afisa wa kazi. Dada ukiguswa au kutishwa, nenda polisi kwenye dawati la jinsia, na uje kanisani uambatane na mtu. Usiende peke yako. Sisi wazee tutaenda nawe, na ukituona tunasitasita, tukumbushe somo hili.

Abimeleki alitawala miaka mitatu tu. Moto ulitoka kwake ukawala waliomweka, na wao wakamgeuka. Mungu hakusahau. Lakini miaka mitatu ni mirefu kwa anayechuma kwenye mteremko kando ya mto.

Kijana wangu uliyeniuliza swali, jibu langu ni hili. Wasiostahili wanapanda kwa sababu ya ukoo, kwa sababu ya fedha, kwa sababu tunapima kimo badala ya moyo, na kwa sababu watu kama mimi tulisema hapana. Siku utakayoitwa, usifanye kama nilivyofanya.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kati ya milango minne, ni upi umeona zaidi mahali unapofanya kazi? Usitaje jina la mtu.
2. Umewahi kukataa nafasi ya uongozi? Sababu uliyowaambia watu na sababu ya kweli zilikuwa moja?
3. Kamati yetu ikichagua kiongozi mwezi ujao, tuandike vigezo gani vitatu kabla ya kutaja jina lolote?
4. Ni nani katika kikundi hiki anayeumia kazini, na tutasimama naye vipi wiki hii?

Ombi

Baba, utusamehe mahali tulipoacha kiti wazi na wengine wakalipa. Uwaponye waliojeruhiwa na miiba. Uwape wanaoongoza bila kujua kazi unyenyekevu wa kujifunza au ujasiri wa kushuka. Na ukituita, utupe moyo wa kusema ndiyo. Katika jina la Yesu. Amina.